Q yenye tundu, na mstari usioliona tundu hilo

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita hapa Kigoma, na usiku watoto wakishalala najisomea topolojia. Nimesoma kwamba ukichukua seti mbili zozote zinazohesabika, yaani zinazoweza kuandikwa katika orodha, zote zimetapakaa kwenye mstari wa namba halisi, mstari mzima unaweza kuvutwa na kubanwa hadi seti ya kwanza iangukie juu ya ya pili barabara. Ina maana Q, yaani namba zote zinazoandikika kama sehemu, na Q iliyong'olewa sifuri ni kitu kimoja? Mbona mimi naliona tundu pale kwenye sifuri? Halafu naambiwa Q yenyewe haina sifa hiyo, kipande [0,1] hakina, lakini bapa zima linayo. Nimekwama. Na kama seti hazihesabiki, inakuwaje?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umekwama mahali nilipokwama mimi, tena mimi nilikwama ndani ya chumba cha mtihani. Niliandika ukurasa mzima nikithibitisha kwamba Q ina sifa hiyo, na msahihishaji akaupiga mstari mmoja mwekundu toka pembe hii hadi ile, bila neno. Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba nilikuwa nimejibu swali ambalo sikuulizwa. Maswali yako mbele ni mawili, na yanafanana kama mapacha. La kwanza: seti hizi mbili, kila moja ikitazamwa peke yake, zinafanana? La pili: zinakaa vilevile ndani ya nyumba yao? La kwanza lina jibu jepesi kuliko unavyodhani. Kazi yote iko kwenye la pili.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema seti D imetapakaa ndani ya nafasi X, nina maana kwamba hakuna kipande wazi cha X, hata kiwe kidogo namna gani, kisicho na nukta ya D. Ninakwepa neno "nene" kwa makusudi, maana seti hizi hazina unene wowote. Q imetapakaa kwenye mstari wote, lakini urefu wake ukiujumlisha ni sifuri. Homeomofizimu ni uhamisho wa nafasi kwenda na kurudi, bila kukata na bila kugundisha: kila nukta ina mahali pamoja pa kwenda, hakuna mahali panapobaki patupu, na jirani hawatenganishwi njiani wala wakati wa kurudi. Nafasi X nitaiita sare kama nukta yoyote inaweza kuhamishwa na homeomofizimu ya X nzima ikaenda kukaa mahali pa nukta nyingine yoyote. Na nitasema X ni sare kwa seti zilizotapakaa kama jambo hilo linafanyika si kwa nukta moja moja bali kwa seti nzima: chukua D na E, zote zinahesabika na zote zimetapakaa, na ipo homeomofizimu ya X inayoipeleka D juu ya E, nukta kwa nukta, bila ziada.

Sasa tundu lako. Unaposema Q bila sifuri ina tundu, unasema kweli: mfuatano 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea unakimbilia mahali ambapo hapana kitu. Lakini Q kamili nayo itazame vizuri. Pale kwenye kipeuo cha pili cha 2 pana tundu. Kwenye pai pana tundu. Kati ya nukta zako mbili zozote pana matundu yasiyohesabika. Ukiong'oa sifuri umeongeza tundu moja kwenye wavu ambao tayari ni matundu matupu. Wavuvi wa Kibirizi watakuambia kama jicho moja zaidi linauharibu wavu.

Hilo si suala la picha tu. Mwaka 1920 mwanahisabati Sierpiński alithibitisha kwamba nafasi yoyote inayohesabika, yenye kipimo cha umbali, na isiyo na nukta iliyojitenga peke yake, ni homeomofiki na Q, yaani ipo homeomofizimu kati yao. Yoyote! Q bila sifuri imo. Sehemu zenye asili yake ni vipeo vya 2 tu, kama 3/8 na 5/16, zimo. Hata Q × Q, yaani nukta za bapa ambazo vipimo vyake vyote viwili ni sehemu, ni Q ileile. Tafakari hapo kidogo. Seti inayohesabika iliyotapakaa kwenye mstari wa reli, na seti inayohesabika iliyotapakaa juu ya maji ya Ziwa Tanganyika, zikitazamwa kwa ndani ni nafasi moja. Seti yenyewe haijui kama inakaa relini au ziwani. Ndiyo maana swali la kwanza halina cha kutufundisha tena, na swali la pili ndilo lenye nyama.

Tuingie la pili, kwenye mstari. Tuna A na B, zote zinahesabika, zote zimetapakaa kwenye R, yaani mstari wa namba halisi. Tunataka uhamisho wa R nzima unaoipeleka A juu ya B. Njia yenyewe ni ya kwenda na kurudi, na nitaifanya kwa namba zako: A iwe Q, B iwe Q bila sifuri. Ziandike katika orodha, mpangilio wowote. A: 0, 1, -1, 1/2, -1/2, 2 na kuendelea. B: 1, -1, 1/2, -1/2, 2, -2 na kuendelea.

Anza na wa kwanza wa A, yaani 0, mpe wa kwanza wa B, yaani 1. Geuka. Kwenye B wa kwanza asiye na mwenzi ni -1. Yuko kushoto kwa 1, basi mwenzi wake lazima awe kushoto kwa 0. Wa kwanza kwenye orodha ya A aliye kushoto kwa 0 ni -1. Waoane hao. Rudi A: anayefuata ni 1, yuko kulia kwa 0, atafutiwe mwenzi kulia kwa 1 upande wa B, ni 2. Geuka tena: B ina 1/2 bado mseja, yuko kati ya -1 na 1, kwa hiyo mwenzi wake atoke kati ya -1 na 0, ni -1/2. Rudi: 1/2 wa A yuko kati ya 0 na 1, na wenzi wa hao wawili ni 1 na 2, basi apewe mtu wa katikati yao, kwa mfano 3/2.

Endelea hivyo hadi kesho na keshokutwa. Hukwami kamwe, kwa sababu kila hatua inakutaka upate nukta ndani ya kipande kisicho na ncha, na seti iliyotapakaa haikosi nukta humo. Hakuna anayeachwa, kwa sababu kila namba ina zamu yake kwenye orodha, ya A wakati wa kwenda, ya B wakati wa kurudi. Mwisho wa safari hiyo isiyo na mwisho una uhamisho f kutoka A kwenda B unaotunza mpangilio: mdogo anabaki mdogo. Angalia lililotokea kwa sifuri. Sifuri wa Q amekwenda kukaa kwenye 1. Tundu la B pale kwenye 0 nalo limeangukia mahali fulani ambapo Q ilikuwa tayari na tundu, kwenye namba fulani isiyo sehemu. Halikuzibwa, limefichwa kati ya mengine.

Bado f inazihamisha nukta za A tu. Kuipanua hadi R nzima ni kazi ya mstari mmoja: kwa x yoyote, h(x) iwe mpaka wa juu ulio mdogo kuliko yote wa f(a), a zote za A zisizozidi x. Kwa kuwa B imetapakaa, hakuna mruko unaobaki. Uhamisho h unapanda bila kusimama na unafika kila mahali, na uhamisho wa R unaopanda na kufika kila mahali hauwezi kukatika. Hapo ndipo mstari mzima unapovutwa na kubanwa, kama kitabu chako kilivyosema. Kwa faida ya baadaye, h hiyohiyo inafaa bila kuongeza neno kwenye mstari wa Sorgenfrey, ule ambao vipande vyake wazi vina ncha ya kushoto na havina ya kulia, maana kinachopanda kinavihamisha vipande hivyo kuwa vya namna ileile. Wanafunzi wa shahada hupenda kudhani mstari ule una tabia mbaya kila mahali. Hapa ni mpole.

Kwa desturi njia hii husifiwa Cantor, kwa makala yake ya 1895 alipobainisha mpangilio wa Q. Ukweli ni kwamba Cantor alikuwa anakwenda tu. Kurudi kulionekana baadaye, kwa Huntington mwaka 1904 na kwa Hausdorff mwaka 1914. Inashangaza lakini kwa Q kwenda peke yake kunatosha, ukichagua kila mara wa kwanza anayefaa kwenye orodha. Nakushauri hata hivyo ufundishe kwenda na kurudi, kwa sababu kidato cha sita wataona papo hapo kwamba hakuna anayeachwa.

Basi Q yenyewe imekosa nini? Hapa ndipo mstari wangu mwekundu ulipopita. Tukiulizia Q kama nafasi, nyumba sasa ni Q, si R. Ndani ya nyumba hiyo, Q nzima ni seti inayohesabika iliyotapakaa. Q bila sifuri nayo pia. Je, ipo homeomofizimu ya Q kwenda Q inayoipeleka Q juu ya Q bila sifuri? Haiwezekani hata kwa uchawi: homeomofizimu ya Q inafika kila nukta ya Q, sifuri akiwemo. Seti mbili ni homeomofiki, naam, Sierpiński ameshasema, lakini homeomofizimu yao haina pa kupanuka. R ina nafasi ya kujivuta kwa sababu ina nukta nyingi ambazo hazimo kwenye seti yoyote inayohesabika. Hizo ndizo zinazobadilishana zamu na nukta zilizomo. Q haina akiba hiyo. Kila mtu yuko kazini.

Kipande [0,1] kinashindwa kwa sababu nyingine, na hii wewe mtu wa Kigoma unaipitia kila unapokwenda stesheni. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaishia hapo, mbele ni maji. Ukisimama Uvinza au Nguruka una reli pande mbili. Ukisimama Kigoma unayo upande mmoja. Hakuna kuvuta wala kubana kutakakoifanya Kigoma iwe Nguruka: ondoa nukta ya Nguruka na reli inakatika vipande viwili, ondoa nukta ya mwisho na reli inabaki kipande kimoja. Basi ncha za [0,1] haziendi popote isipokuwa kwenye ncha. Seti iliyotapakaa yenye nukta 0 na 1, yenye moja tu kati yao, na isiyo na hata moja, ni aina tatu tofauti, na hakuna ya nne, kwa sababu ndani ya ncha mbili ile njia ya kwenda na kurudi inafanya kazi kama kawaida. Kipande kimeshindwa, ndiyo, lakini kimeshindwa kwa hesabu: tatu kamili.

Tabora je? Pale reli inagawanyika, huku Dar es Salaam, huku Kigoma, huku Mwanza. Ondoa Tabora na mtandao unavunjika vipande vitatu, jambo ambalo stesheni ya kawaida haifanyi. Chora herufi Y yenye ncha tatu na njia panda moja, usahau matawi mengine yote ya reli. Aina ngapi za seti zinazohesabika zilizotapakaa? Njia panda imo au haimo: mbili. Ncha zilizomo ni 0, 1, 2 au 3, na haijalishi ni zipi kwa kuwa mikono ya Y inabadilishana: nne. Zidisha, nane. Nimelijaribu swali hili kwa vijana wasiowahi kusikia neno topolojia wakalitoa bila kalamu, ila mmoja aliyebisha kwamba Mwanza haiwezi kubadilishana na Kigoma kwa sababu samaki wao si hao. Nilimwambia topolojia haili samaki.

Sasa bapa, ambalo ndilo napenda kuliko yote, maana hapa kila mtu huanza kwa kukata tamaa. Kwenye bapa hakuna kushoto na kulia kwa maana ya mpangilio mmoja. Ile "mdogo abaki mdogo" tumeipoteza. Brouwer alionyesha mwaka 1913 kwamba R², yaani bapa lenyewe, na R ya vipimo vingi kadiri utakavyo, ni sare kwa seti zilizotapakaa. Hila yake ukiiona huisahau.

Chukua usiku wa giza, msimu wa dagaa, uko juu mlimani unatazama taa za wavuvi zimezagaa ziwani. Fikiri taa hizo ni seti A, zinahesabika na zimetapakaa kwenye bapa zima. Tatizo linaloweza kutukwamisha ni taa mbili kuwa kwenye mstari mmoja wa wima au mmoja wa mlalo. Basi geuza mihimili. Kila jozi ya taa inakukataza mielekeo michache tu, jozi zinahesabika, kwa hiyo mielekeo iliyokatazwa inahesabika. Mielekeo yenyewe haihesabiki. Upo mwelekeo ulio salama. Ukishageuza, hakuna taa mbili zenye x moja wala y moja. Fanya hivyohivyo kwa seti B, kwa mgeuzo wake wenyewe. Mgeuzo ni homeomofizimu, hatujapoteza kitu.

Sasa kila seti ina mipangilio miwili kwa wakati mmoja: wa x na wa y. Nenda na kurudi, ukitunza yote miwili. Umeshaoanisha nukta tano, inakuja nukta mpya a. Mistari ya wima na ya mlalo inayopita kwenye zile nukta tano za A inaligawa bapa kuwa vyumba vya mstatili, na a iko ndani ya chumba kimoja, haigusi ukuta, kwa kuwa tumehakikisha hakuna x wala y inayorudiwa. Mistari ya wenzi wao upande wa B nayo inaligawa bapa kuwa vyumba, na kuna chumba kinacholingana na cha a. Chumba hicho ni wazi. B imetapakaa. Ipo nukta humo. Chukua ya kwanza kwenye orodha, geuka, endelea.

Mwishoni una uoanishaji wa A na B unaotunza mipangilio yote miwili. Vipimo vya x vya nukta za A ni seti inayohesabika iliyotapakaa kwenye mhimili wa x, na vya B vilevile, na uoanishaji kati yao unapanda. Kwa hiyo unapanuka kuwa homeomofizimu p ya mhimili mzima, kama tulivyofanya kwenye mstari. Kwa y unapata q. Uhamisho unaoipeleka (x, y) kwenye (p(x), q(y)) ni homeomofizimu ya bapa zima, na unaipeleka A juu ya B. Imekwisha. Tatizo la bapa limegeuka matatizo mawili ya mstari yanayotembea pamoja, na hakuna mahali ulipohitaji picha ya kuvuta kitambaa. Kwa vipimo vitatu, ongeza mhimili mmoja na urudie maneno hayohayo.

Ukiongeza ufuko, mambo yanaharibika kuliko kwenye reli. Duara lililojaa pamoja na ukingo wake si sare, maana nukta ya ukingoni haiwezi kuhamia katikati ya maji. Lakini ncha za reli zilikuwa mbili tu. Ukingo una nukta zisizohesabika. Seti iliyotapakaa inaweza kuwa na nukta 0 ukingoni, au 1, au 2, au 17, na kila idadi ni aina yake. Aina hazina mwisho. Halafu, bila sababu inayoonekana upesi, ukizidisha kipande [0,1] kwa chenyewe mara zisizo na mwisho zinazohesabika unapata mchemraba wa Hilbert, na huo ni sare kwa seti zilizotapakaa; Fort alilionyesha mwaka 1962. Kingo zote zimeyeyuka. Kila nukta ya mchemraba huo inaweza kuhamishiwa kwenye nyingine yoyote, hata ile yenye sifuri kwenye vipimo vyote, jambo ambalo Keller alikuwa amelithibitisha mwaka 1931. Miaka yangu yote ya kufundisha sijazoea kabisa kuiamini, ingawa uthibitisho nimeusoma zaidi ya mara moja.

Tumegusa usare wa nukta na usare wa seti kana kwamba ni ndugu. Udugu wao ni wa kweli, na huu hapa uthibitisho mfupi kuliko barua yako. Chukua nafasi yenye kipimo cha umbali, yenye angalau seti moja inayohesabika iliyotapakaa, na iliyo sare kwa seti zilizotapakaa. Chukua nukta p, na kundi O la nukta zote ambazo p inaweza kuhamishiwa. Tuseme nukta zilizo nje ya O zimetapakaa kwenye nafasi nzima. Basi humo nje chagua D inayohesabika iliyotapakaa, kisha linganisha D na D iliyoongezwa p. Homeomofizimu ingeipeleka nukta fulani ya D juu ya p, na nukta hiyo ingekuwa ya kundi O, ilhali D yote iko nje. Haiwezekani. Kwa hiyo O ina kipande wazi ndani yake. Na kwa kuwa wanakundi wanahamishana, kila mmoja wao ana kipande chake, yaani O ni wazi. Nafasi nzima basi imegawanyika katika makundi yaliyo wazi. Kama nafasi imeungana, kundi ni moja tu, na nafasi ni sare. Bennett ndiye aliyeandika jambo hili, katika makala ya 1972 iliyoufanya uwanja huu ujitegemee.

Neno "imeungana" usilirushe. Weka mstari R huku na duara kule, zisigusane, uite nafasi moja. Kila kipande ni sare kwa seti zilizotapakaa, kwa hiyo muungano wao nao ni hivyo. Lakini nukta ya duara haitakaa mahali pa nukta ya mstari kamwe. Na upande wa pili haurudi: Q ni sare kwa nukta, ongeza tu 3 na sifuri yuko kwenye 3, lakini kwa seti imeanguka kama tulivyoona.

Seti zisizohesabika umezitaja mwishoni kama nyongeza, kumbe ndizo zenye makucha. Tuseme A na B kila moja ina nukta aleph 1 kamili ndani ya kila kipande cha mstari, aleph 1 ikiwa ukubwa wa kwanza baada ya kuhesabika. Je, mstari unaweza kuipeleka A juu ya B? Kama dhana ya kontinyumu ni kweli, yaani namba halisi zenyewe ni aleph 1, basi A iwe R nzima na B iwe R bila sifuri. Jibu ni hapana kwa sababu ileile iliyoiangusha Q. Lakini mwaka 1973 Baumgartner alionyesha kwamba unaweza, bila kujipinga na misingi ya nadharia ya seti, kuishi kwenye hisabati ambamo seti zote za namna hiyo zinaoana kwa mpangilio. Yaani swali lako, kwa seti zisizohesabika, misingi tunayoitumia haiamui. Tundu la sifuri, ambalo kwa seti zinazohesabika halionekani kabisa, hapa linaonekana au halionekani kutegemea unaishi kwenye hisabati ipi.

Ukitaka kuanza na wanafunzi, acha Baumgartner, anza na reli. Wape ile Y, wakishapata nane, waongezee tawi la Mpanda linalochepuka Kaliua. Sasa ncha ni nne na njia panda ni mbili: Dar es Salaam na Mwanza zinakutana Tabora, Kigoma na Mpanda zinakutana Kaliua, na kati ya njia panda hizo kuna kipande kimoja cha reli. Waulize aina ni ngapi. Wengi watakuja na 36, kwa kuwa kila upande una hali sita na watazidisha. Watakuwa wamesahau kwamba upande wa Tabora na upande wa Kaliua nao unaweza kupinduliwa, huu ukakaa pale. Mimi napata 21. Ukipata nyingine, niandikie unionyeshe ulivyohesabu.